Wiki za Kungoja Upasuaji wa Saratani ya Titi: Hofu Inatoka Wapi, na Muda Huo Una Kazi Gani

Karatasi ya majibu imekunjwa mara nne, imetiwa kwenye pochi, pochi imefungiwa kabatini, na bado saa tisa za usiku mwenyewe anainuka kwenda kuitazama upya. Si kwamba kuna neno jipya. Ni yale yale ya jana: karsinoma, yaani saratani; vamizi, yaani imepenya nyama za jirani; gredi 3. Upasuaji ni baada ya siku 24. Amezihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya simu. Mchana alikuwa sawa tu, alifanya kazi zake, alicheka na watu. Usiku ndio kasheshe.

Wengi waliopita njia hii husema siku ya kupewa majibu ilikuwa mbaya, na siku ya upasuaji ilikuwa na shughuli zake, lakini kilichowamaliza ni zile wiki za katikati. Huko hakuna la kufanya, hujui umuulize nani, na kila anayekuja kukujulia hali anakuambia subira yavuta heri. Methali nzuri, ila kwa mtu aliyebeba uvimbe kifuani, kusubiri kunafanana na kumpa adui nafasi. Basi tuanze na swali ambalo watu hulimeza bila kuliuliza: huku mimi nangoja, chenyewe hakizidi kukua?

Uvimbe haukuanza jana

Saratani ya titi huanzia kwenye seli moja iliyoasi. Moja hugawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane. Ili ufikie uvimbe wa sentimita 1, ambao vitabu vya tiba hukadiria kuwa na seli kama bilioni 1, seli hiyo inabidi ijizidishe maradufu takriban mara 30. Tuseme kila mara inachukua siku 100. Hizo ni siku 3,000, zaidi ya miaka 8. Si kila uvimbe hufuata mwendo huo; kuna unaokwenda mbio na kuna unaojikokota, kwa hiyo usiitumie hesabu hii kumpimia mtu fulani. Itumie kuelewa kwamba kitu kilichogunduliwa wiki iliyopita, mara nyingi kimekuwepo miaka. Wiki mbili tatu za kupanga namna ya kukitoa si sawa na wiki mbili tatu za kuvuja damu.

Wengine huishia hapo, wakamwambia mgonjwa "wala usijali, hakuna haraka". Huko ni kumdanganya. Mwaka 2020 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, na ukaonyesha kwamba kila wiki nne za kucheleweshwa kwa upasuaji wa saratani huendana na ongezeko la asilimia 6 hadi 8 katika hatari ya kufa. Kwa titi ni kama 8. Namba hiyo inatisha mpaka uifungue. Haisemi kwamba watu 8 zaidi katika kila 100 watakufa. Inasema hatari uliyokuwa nayo inaongezeka kwa asilimia 8 ya yenyewe: kama katika wanawake 100 wenye hali kama yako 10 wangefariki, sasa wanakuwa karibu 11. Si jambo la kupuuzwa, na si jambo la kukukosesha usingizi kwa sababu ya Jumatatu kugeuka Alhamisi.

Ndiyo maana mifumo ya afya hujiwekea mipaka. Kule England kipimo ni siku 31 kati ya kukubaliana matibabu na kuyaanza. Marekani, chuo cha madaktari wapasuaji kinataka upasuaji wa kwanza uwe umefanyika ndani ya siku 60 tangu kinyama kilipochukuliwa kwenda maabara, kwa wale wasioanza na dawa. Ukiwa ndani ya mipaka ya namna hiyo, uko kwenye foleni ya kawaida. Ukianza kuhesabu miezi, hapo una haki ya kupiga kelele, na nitarudi kwenye namna ya kuipiga.

Pengo lililopiganiwa

Kuna jambo ambalo laiti kila mgonjwa angeambiwa siku ya kwanza. Zamani kungoja huku hakukuwepo, na wanawake hawakukufurahia kutokuwepo kwake.

Tangu miaka ya 1880, Mmarekani William Halsted alipoanza upasuaji wake mkubwa, saratani ya titi ilimaanisha kuondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Baadaye utaratibu uliozoeleka kwa miongo mingi ulikuwa huu: mwanamke anaingia chumba cha upasuaji akiwa na uvimbe ambao bado haujulikani ni nini. Analazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari anakata kipande, kinagandishwa kwa baridi na kuangaliwa kwenye hadubini huku yeye bado amelala. Kikionekana ni saratani, titi linaondolewa hapo hapo. Akizinduka, anapeleka mkono kifuani kupapasa bandeji ili ajue amekutwa na nini.

Mwandishi wa habari wa Marekani, Rose Kushner, aligundua uvimbe kwenye titi lake mwaka 1974 na akakataa kulazwa namna hiyo. Alitaka kwanza apimwe, aamke, aambiwe, afikiri, ndipo aamue. Alipigana na madaktari kwa miaka, na mwaka 1979 mkutano wa wataalamu ulioitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani ulikubali kwamba kipimo na upasuaji vitenganishwe. Wakati huo huo, Bernard Fisher nchini Marekani na Umberto Veronesi nchini Italia walikuwa wakifuatilia wanawake waliotolewa sehemu tu ya titi na kuwalinganisha na waliotolewa lote. Matokeo yao ya miaka 20, yaliyochapishwa 2002, yalionyesha kwamba walioondolewa sehemu na kupigwa mionzi waliishi sawa na wenzao. Kwa hiyo kukawa na chaguo. Na chaguo linahitaji muda.

Hizo siku 24 zinazokutesa ndizo siku ambazo mtu mwingine alizigombania. Najua hilo halitulizi moyo saa tisa usiku. Lakini linabadilisha swali, kutoka "kwa nini wananichelewesha" kwenda "ni kazi gani inafanyika sasa hivi".

Na kazi ipo, ila inafanyika mahali usipopaona. Kile kinyama kinapakwa rangi maalumu maabara kutafuta vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazonasa homoni), yaani vya estrojeni na projesteroni, pamoja na protini iitwayo HER2, inayochochea seli kukua. HER2 hupewa alama kuanzia 0 hadi 3+. Ikitoka 2+, maana yake haijaeleweka, na sampuli hiyo hiyo inapelekwa kwenye kipimo kingine kinachoongeza siku. Hakuna anayekupigia simu kukwambia kwamba sampuli yako imekwenda kipimo cha pili. Unachosikia wewe ni kimya, na kimya cha hospitali mgonjwa hukitafsiri vibaya siku zote. Kisha kuna jopo: mpasuaji, daktari wa saratani, wa mionzi, wa picha na wa maabara hukaa kitako wakajadili mafaili, mara nyingi siku moja tu kwa wiki. Jibu lako likichelewa kwa saa chache, unasubiri kikao kijacho.

Mara nyingine jopo hugeuza mpango mzima na kusema dawa zitangulie, upasuaji ufuate. Hapa ndipo wengi huvunjika, wakidhani maana yake imeshindikana kukatwa. Sivyo. Kwa saratani zenye HER2 nyingi, na zile zisizo na vipokezi vya homoni wala HER2 nyingi, kuanza na dawa ni jambo la kawaida kabisa, kwa sababu uvimbe hupungua na madaktari huona kwa macho kama dawa inafanya kazi.

Na ile gredi 3 kwenye karatasi? Gredi si hatua. Gredi huanzia 1 hadi 3 na hueleza sura ya seli: zinafanana kiasi gani na seli za kawaida, zinagawanyika kwa kasi gani. Hatua huanzia 0 hadi 4 na hueleza ugonjwa umefika wapi mwilini. Mtu anaweza kuwa na gredi 3 na akawa hatua ya 1. Kiswahili chetu nacho huchangia mkanganyiko, maana huyu atasema daraja, yule kiwango, mwingine steji ya tatu ilimradi tatu, na anayesikiliza anabaki na namba mkononi bila kujua ni ya nini. Ukiambiwa "ya tatu", uliza: ya gredi au ya hatua?

Kwa nini kutojua kunauma zaidi

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCL jijini London waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta: kuna mawe, chini ya mengine kuna nyoka, na ukimfunua nyoka mkono wako unapigwa shoti ya umeme, inayouma kweli. Watafiti wakapima jasho na mboni za macho. Waliohangaika zaidi hawakuwa waliokuwa na uhakika wa kupigwa shoti. Walikuwa wale waliokuwa nusu kwa nusu, huenda ndiyo, huenda siyo. Akili ya binadamu hulipokea baya linalojulikana kwa utulivu kuliko baya lisilojulikana.

Sasa mweke mtu kwenye nusu kwa nusu kwa wiki tatu. Mwili wake unamimina homoni za hatari, adrenalini na kortisoli, kana kwamba kuna kitu cha kukikimbia, na hakuna. Moyo unakwenda mbio, tumbo joto, haja ndogo kila saa, kifua kinabana. Hofu ikipanda kwa ghafla hadi unaona unakufa, mara nyingi hufika kileleni ndani ya kama dakika 10 kisha ikaanza kushuka yenyewe. Pumzi ndiyo kamba pekee ya mfumo huo unayoweza kuishika kwa mkono wako: vuta taratibu kwa pua, toa kwa muda mrefu zaidi ya ulivyovuta, mara sita hivi kwa dakika, kwa dakika tano. Haitibu kitu. Inaupa mwili habari kwamba hakuna anayekufukuza. (Maumivu ya kifua yasiyoisha, yanayosambaa mkononi au kuambatana na kukosa pumzi, hayo si ya kupumulia nyumbani. Nenda hospitali.)

Niseme na hili, kwa sababu linaumiza watu bure: ile kauli ya "ukiwa na wasiwasi saratani itasambaa". Wanaosema wanamaanisha mema. Lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba wiki chache za kuogopa hukuza uvimbe, na matokeo ya kauli hiyo ni kwamba mgonjwa sasa ana mizigo miwili, anaogopa saratani na anaogopa kuogopa kwake. Una haki ya kulia. Machozi hayalishi uvimbe.

Ivunje hofu vipande

"Naogopa upasuaji" ni gunia. Ukilibeba zima linakushinda. Chukua mazungumzo kama haya, ya mgonjwa na nesi:

"Sista, mimi naogopa operesheni."

"Sawa, mama. Kinachokuogopesha hasa ni nini?"

"Kuamka katikati, nikiwa bado nakatwa."

Tazama kilichotokea. Gunia limetoa kitu kimoja, na kitu kimoja kina mtu wa kukijibu, daktari wa usingizi. Ripoti kubwa iliyokusanywa Uingereza na Ireland mwaka 2014 ilipata tukio kama hilo kuripotiwa na takriban mgonjwa 1 kati ya 19,000 waliopewa dawa ya usingizi, na karibu theluthi mbili ya matukio yalikuwa wakati wa kuingia usingizini au wa kuzinduka, si katikati ya kukatwa. Mwingine gunia lake lina kitu tofauti: ataonekanaje kwenye kioo. Huyo anahitaji kuzungumza na mpasuaji kuhusu kovu litakaa wapi, kama titi linaweza kutengenezwa upya, na lini. Mwingine anawaza watoto. Huyo hahitaji daktari, anahitaji kukaa nao na kuwaambia kwa maneno mafupi kwamba mama anaumwa, ugonjwa una jina, hauambukizi, na si wao waliousababisha. Watoto wasipoambiwa hutunga yao, na ya kwao huwa mabaya zaidi.

Vipo pia vitu vidogo ambavyo havitishi hata kidogo ukivijua mapema, ila vikikushtukiza utapiga yowe. Kwa mfano, ili kuipata tezi ya kwanza ya kwapani inayopokea majimaji ya titi, mpasuaji huweza kuchoma rangi ya buluu. Siku moja au mbili baada ya hapo mkojo unaweza kutoka buluu au kijani, na ngozi ya titi ikabaki na doa. Hakuna kilichoharibika. Vivyo hivyo unaweza kuamka na mrija mwembamba ubavuni unaotoa majimaji kwenye kichupa, na ukarudi nao nyumbani. Na upande wa ndani wa mkono wa juu unaweza kufa ganzi, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa hapo hupita kwenye njia ya kisu. Uliza kama haya yanakuhusu.

Usiku ni habari nyingine. Mbinu moja inayotumiwa na wanasaikolojia inachekesha kidogo mwanzoni: panga saa ya kuogopa. Dakika 20, mchana, si karibu na kulala, mahali pamoja, na daftari. Andika kila baya linalokujia. Hofu ikija saa tisa usiku, iandikie neno moja, kisha iambie ingoje zamu yake kesho. Haitatii siku ya kwanza. Baada ya siku kadhaa wengi huona imepunguza kelele, kwa sababu inajua itasikilizwa. Simu isilale chumbani nawe. Zile takwimu za kuishi miaka mitano unazozisoma gizani zinahusu watu waliogunduliwa miaka mingi nyuma, kwa dawa za miaka ile, wa kila umri na kila hatua wakichanganywa pamoja. Wewe humo hujaandikwa.

Mchana tembea. Kama unavuta sigara, wiki hizi ndizo za kuacha, kwani kidonda cha mvutaji hupona kwa shida. Dawa zako za kawaida usiziache kwa uamuzi wako, na za mitishamba usizifiche, maana zipo zinazofanya damu isigande vizuri mezani. Teua mtu mmoja, dada au rafiki mwenye kifua, awe ndiye anayewajibu watu. Atakukinga na yule jirani ambaye lazima akusimulie habari za shangazi yake aliyefariki.

Simu ya kupiga

Watu wazima wenye heshima zao huona haya kuisumbua hospitali. Kuuliza si kusumbua. Piga, uwe na kalamu, na uliza mambo matatu: faili langu liko kwa nani, kuna kipimo chochote kinachosubiriwa, na tarehe yangu imeandikwa mahali au ni ya mdomo tu? Hapo utajua kama unangoja kwa sababu kuna kazi inafanyika au kwa sababu umesahauliwa. Mafaili husahaulika, tusifichane. Tarehe ikisogezwa na ikasogezwa tena, uliza kama kuna matibabu ya kuanza nayo. Kwa saratani yenye vipokezi vya homoni, madaktari wakati mwingine hutoa vidonge vya kuzuia homoni ili kushikilia ugonjwa mpaka nafasi ipatikane. Na titi likianza kuvimba, kuwa jekundu au ngozi kuwa kama ganda la chungwa ndani ya siku chache, usingoje tarehe yoyote; rudi.

Hofu nayo ina kipimo chake. Dodoso liitwalo GAD-7 lina maswali saba na alama 0 hadi 21. Ukifika 10, unastahili mtu wa kukutazama kwa makini, na zipo tiba za mazungumzo na za dawa. Huhitaji hata dodoso kama hujalala siku nyingi mfululizo, chakula hakipiti, au unatafuta visingizio vya kutokwenda siku ya upasuaji. Hiyo ya mwisho ndiyo hofu ninayoiogopa mimi, kwa sababu ndiyo pekee inayoweza kuua kweli. Na mawazo ya kutaka kufa ni ya kumwambia mtu leo hii, si kesho.

Siku yenyewe ikifika, kwa kawaida utakuwa hujala kwa saa 6 na hujanywa hata maji kwa saa 2, au kama hospitali yako itakavyoagiza. Mpasuaji atakuja na kalamu achore alama upande wa titi lako. Kisha jina lako utaulizwa. Tarehe ya kuzaliwa. Titi lipi? Dakika tano baadaye atakuja mwingine, akuulize yale yale, na mlangoni mwa chumba cha upasuaji mwingine tena, mpaka uanze kujiuliza kama hawa watu wanajua wanachokifanya. Wanajua. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Ile ya kwanza husomwa ukiwa macho, na jibu linatakiwa litoke kinywani mwako. Lipi, mama? La kushoto. Lipi? La kushoto.